Babu Aliporudi Sewahaji

Asubuhi ya pili baada ya upasuaji, nesi wa zamu alisimama kando ya kitanda cha babu akamuuliza yale maswali wanayoulizwa wazee wakishazinduka kwenye dawa ya usingizi. Jina lako nani? Akalitaja lote, mpaka la babu yake mzaa baba. Leo siku gani? Jumatano, na kweli ilikuwa Jumatano. Hapa uko wapi, babu?

"Sewahaji."

"Vizuri sana. Na Sewahaji iko wapi?"

"Si pale Gerezani, karibu na stesheni. Ukinyamaza utasikia gari moshi linapiga honi."

Nesi akanitazama. Mimi nikatazama dripu, kana kwamba jibu sahihi lilikuwa linadondoka mle. Tulikuwa Upanga, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, wodi ya Sewahaji, mwaka 2019. Kilichosikika dirishani ni bodaboda na mtu anayeuza maji ya baridi. Gari moshi hakuna. Nikajiambia moyoni, basi, mzee wetu ndiyo keshapotea. Tezi dume wametoa na akili imefuata.

Nikatoka koridoni nikampigia mama. Nilitarajia alie. Akacheka. "Muulize mkono wake," akasema, akakata simu, maana alikuwa kwenye daladala.

Nikarudi nikamuuliza. Babu akanyoosha mkono wa kushoto juu ya shuka, akanionyesha kiwiko ambacho maisha yangu yote nimekiona kimepinda kidogo kwa nje na sikuwahi kukiulizia, kama vile mtu asivyouliza kwa nini pua ya babu yake ni ndefu. Mwaka 1951 alikuwa na miaka 9. Alipanda mwembe wa watu huko Gerezani, tawi likakatika, akaangukia mkono. Baba yake alikuwa kibarua bandarini. Mama yake alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka 9, akampeleka hospitali ya Waafrika. Hospitali hiyo iliitwa Sewa Haji na ilikuwa karibu na stesheni ya reli.

"Kwa hiyo sijachanganyikiwa, mke wangu," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, utani wa babu na mjukuu. "Wao ndio wameihamisha bila kuniambia."

*

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa kukaa na mgonjwa. Aliyewahi kukaa na mgonjwa anaijua kazi hiyo. Unawahi asubuhi na chupa ya uji, unatolewa nje kabla ya raundi ya madaktari, unarudi muda wa kuona wagonjwa, na katikati hapo una saa nyingi za benchi. Wengine husali, wengine husuka, wengine hupiga soga na kuuliza habari za wagonjwa wa wenzao kuliko za wao. Mimi nilikuwa na simu yenye bando na swali moja. Huyu Sewahaji ni nani?

Niliwauliza niliokaa nao benchi. Dada mmoja kutoka Kilosa alisema ni neno tu, kama Mwaisela, jina la jengo jingine la wodi hapohapo Muhimbili. Mzee mmoja alisema ni shehe. Kijana aliyekuwa akimuuguza kaka yake alisema ni daktari wa Kijerumani. Wote watatu walikuwa na uhakika kabisa, na mimi sikuwa na haki ya kuwacheka, maana nimezaliwa jiji hili, nimesikia "amelazwa Sewahaji" pengine mara elfu, na haikuwahi kunijia kwamba huyo alikuwa mtu mwenye baba na mama na duka.

Duka alikuwa nalo, tena si dogo. Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Wahindi Waislamu wa jamii ya Khoja waliotoka Kachchh, India, wakaja kufanya biashara Unguja na mwambao. Biashara ilikuwa Bagamoyo. Ukitaka kwenda bara wakati ule, Bagamoyo ndiyo ilikuwa mlango, na mlangoni pale palikuwa na watu wa aina ya Sewa Haji. Alikuuzia vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, maana kule bara vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha. Alikutafutia wapagazi. Pembe za ndovu zilipoteremka pwani, alizinunua. Msafara ukienda faida ni yake, ukirudi faida ni yake.

Mwaka 1871 alifika Bagamoyo mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Alihitaji wapagazi zaidi ya mia, na kwa haraka. Akaelekezwa kwa kijana wa Kihindi mwenye umri wa takriban miaka 20. Stanley anamwandika kwa jina la Soor Hadji Palloo, na kwa namna alivyomwandika unaona wazi kijana yule alimtesa. Bili zinavimba, wapagazi wanacheleweshwa, kila lililoahidiwa leo linakuwa la kesho. Bwana mkubwa mwenye bastola na barua za utambulisho anahangaishwa na mtoto wa dukani. Nakiri niliposoma hayo pale kwenye benchi nilicheka peke yangu mpaka yule dada wa Kilosa akasogea kidogo. Stanley si mtu wa kumwonea huruma. Lakini pia nikafikiri, duh, kumbe wodi ya babu ina jina la dalali.

Sitaki kumfanya malaika. Kuna makala nyingi za Kiingereza zinazomsifu kwa ukarimu wake, na ukarimu ulikuwapo kweli, tutaufikia. Lakini utajiri ule ulitembea juu ya mabega ya watu. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila 2 hivi, zaidi ya kilo 30, juu ya bega au kichwani, na kufika Tabora tu ilikuwa takriban miezi mitatu kwa miguu. Waliougua njiani hawakuwa na wodi. Wengine waliachwa chini ya mti. Nilipokuwa nasoma kuhusu hospitali aliyoijenga nilikuwa najiuliza kama hilo lilimkaa kichwani, kama aliwahi kuwaona wakirudi, miguu imevimba, vidonda vya funza, kifua kimeisha. Bagamoyo si mji mkubwa, na dukani kwake ndiko msafara ulikoishia.

*

Wajerumani walipouhamishia mji mkuu wao Dar es Salaam mwaka 1891, pesa na majengo vilihama nao. Sewa Haji alikuwa amekwisha kuwa tajiri mkubwa wa pwani, na alianza kutoa. Bagamoyo alijenga shule ya ghorofa na akaweka sharti kwamba iwe ya watoto wa kila rangi. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida. Dar es Salaam alitoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi. Ilijengwa katika miaka hiyo ya 1890, wakati hata reli haijafika hapo. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, na stesheni ikaja kuikuta hospitali jirani. Ndiyo maana babu anasikia honi.

Kwa nini Waafrika na Wahindi? Kwa sababu Wazungu walijijengea ya kwao. Hiyo iko mpaka leo, pale ufukweni karibu na Ikulu, na minara yake miwili na madirisha ya mtindo wa Kiarabu. Ocean Road ilikamilika mwaka 1897. Robert Koch, yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alifanya utafiti wake wa malaria Dar es Salaam miaka hiyohiyo. Kwa hiyo mji mmoja mdogo ulikuwa na hospitali mbili. Moja ilielekea bahari na upepo, ya watu wachache. Nyingine ilikuwa upande wa pili, ya watu wote waliobaki. Malaria ilikuwa ileile kwa wote.

Mwaka huohuo wa 1897 Sewa Haji akafariki Unguja, akiwa na miaka 46. Mali nyingi aliziacha zisaidie wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma.

Wajerumani waliondoka. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakavikuta vyote viwili, jengo na utaratibu wa kutenganisha watu, na vyote viwili wakavitumia. Jina hawakuligusa. Nadhani halikuwasumbua. Jina la Mhindi juu ya hospitali ya Waafrika lilikuwa limekaa mahali ambapo wao walitaka likae.

*

Babu aliyakumbuka yote ya mle ndani, na nilimwacha aseme maana alipokuwa anasema hakuwa anasikia maumivu. Alikumbuka sakafu ya baridi ambayo watoto waliolazwa walikuwa wakiilalia tumbo mchana, jua likiwa kali. Alikumbuka harufu ya dawa ya kusafishia, kali mpaka inaingia kwenye uji. Alikumbuka mtu aliyekuwa kitanda cha jirani, baharia wa jahazi aliyeumia mguu, ambaye alimfundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa kwenye hogo. Mpaka leo anaweza. Alichukua mshipi wa kanzu uliokuwa kwenye mkoba wake, pale kitandani, na sindano ya dripu bado iko mkononi, akafunga fundo kwa vidole vitatu. Nesi alikuja kwa kasi akasema, babu, huo mkono tuliza. Akasema, samahani mwanangu, nilikuwa namwonyesha mke wangu.

Na alikumbuka alivyoondoka. Wiki ya tatu, saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, mama yake alikuja amevaa kaniki nyeusi. Bibi yao alikuwa amefariki Kisarawe. Hakuna mtu wa kumwachia mtoto, na daktari alikuwa amesema hogo lisitolewe mpaka wiki sita. Mama akamwambia avae. Wakatoka pamoja na watu waliokuja kuona wagonjwa, yeye katikati, khanga imefunika mkono, kama vile mtu aliyekuja kumtazama mtu. Hawakuomba ruhusa. Hogo lilikuja kukatwa na mjomba wake huko kijijini kwa msumeno wa mbao, kabla ya siku zake, na ndipo kiwiko kikaunga kilivyounga.

"Kwa hiyo ulitoroka hospitali," nikasema.

"Sikutoroka. Nilikwenda msibani."

*

Mji ulikua ukaizidi hospitali. Sensa ya 1948 ilihesabu takriban watu 69,000 Dar es Salaam, na ile ya 1957 ikahesabu zaidi ya 128,000. Ndani ya miaka tisa mji ulikaribia kuongezeka mara mbili, na wengi wao walikuwa watu ambao hospitali yao ilikuwa moja. Serikali ya kikoloni ikajenga hospitali mpya kubwa Upanga. Mwaka 1956 binti mfalme Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, alizuru Afrika Mashariki, na hospitali ikapewa jina lake: Princess Margaret Hospital.

Babu wakati huo amekwisha rudi mjini kusoma. Anasema watoto wa shule walipangwa barabarani na vibendera tangu asubuhi, jua likawapiga, halafu gari likapita kwa muda wa mtu kupiga chafya. Yeye alikuwa amepiga chafya. Hivyo hakumwona.

Wagonjwa wakahamia Upanga, na mwaka 1959 ile Sewa Haji ya stesheni ikabomolewa. Miaka 60 na kitu ya watu kuzaliwa na kufa na kuvunjika mikono, ikaisha kwa nyundo. Hapo ndipo jambo linalonivutia kuliko yote lilipotokea. Jengo likafa, jina likahama. Katika hospitali mpya, wodi zikaja kuitwa Sewahaji. Hospitali nzima ya mtu ikawa jengo moja la wodi ndani ya hospitali kubwa zaidi, na maneno mawili yakawa neno moja, na mtu akasahaulika ndani ya neno.

Princess Margaret hakudumu. Uhuru ulikuja Desemba 1961, na baada yake hospitali ikachukua jina la Muhimbili. Leo ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke Princess Margaret atakuuliza kama ni baa. Kwa hiyo kati ya binti mfalme aliyekuja na msafara na Mhindi wa merikani na kaniki aliyefariki miaka 59 kabla hajafika, ni Mhindi aliyebaki. Sisemi alistahili zaidi. Pengine ni kwa sababu jina lake lilikuwa limeshakaa mdomoni mwa watu wanaougua, na watu wanaougua hawana muda wa kujifunza majina mapya.

Jirani na Sewahaji kuna jengo la Kibasila, na hapo babu alikuwa na malalamiko yake ya dhati. Kibasila alikuwa jumbe wa Wazaramo huko Kisangire, upande wa kwetu Kisarawe. Wajerumani walipowalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kazi nyingi malipo kiduchu, yeye alikuwa miongoni mwa waliokataa, na vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 wakaja kumnyonga. "Mimi Mzaramo," babu aliwaambia madaktari wa raundi, "mnanilaza kwa Mhindi na Kibasila yule pale." Daktari mmoja, kijana mdogo kwa sura, alimwambia, "Babu, kule ukitaka kulazwa sharti uwe na ugonjwa wa kule." Wakacheka wote, na mgonjwa wa kitanda cha pili akasema aachiwe nafasi, yeye yuko tayari kwenda popote palipo na feni.

Nimefikiria sana ujirani huo. Mtu aliyewatafutia Wazungu wapagazi, na mtu aliyenyongwa kwa kukataa kuwalimia pamba, wanatazamana mchana na usiku kwa madirisha. Hapakuwa na kamati ya maridhiano. Ilikuwa tu kwamba wodi zilihitaji majina.

*

Ya baada ya Uhuru nitayapita haraka, maana yamekaa kwenye tovuti za serikali na yanasomeka kama cheti. Shule ya udaktari ilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa kuwa Muhimbili Medical Centre, ile MMC ambayo wazee wengine bado wanaiita hivyo. Mwaka 1991 chuo kikajitenga kidogo, mwaka 2000 sheria ikaifanya Hospitali ya Taifa, mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu cha afya, MUHAS. Mifupa wakapata taasisi yao, MOI, mwaka 1996. Moyo nao wakapata ya kwao, ya Jakaya Kikwete, mwaka 2015. Ukiingia getini leo unaingia kwenye mji. Mgeni anaweza kutembea nusu saa na barua ya rufaa mkononi akipita taasisi tatu kabla hajaifikia aliyoandikiwa.

Lakini lipo moja ambalo tovuti hazilisemi vizuri, nalo ni pesa. Mama yangu alikulia katika miaka ambayo matibabu ya serikali yalikuwa bure, na neno bure analitamka kama mtu anayetaja jina la marehemu. Mwaka 1977 sheria ilikuwa imepiga marufuku hata hospitali binafsi za biashara. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ikaja "kuchangia gharama," na ilianzia juu, kwenye hospitali kubwa za rufaa. Neno lenyewe, kuchangia, lilichaguliwa na mtu mwerevu. Unachangia harusi, unachangia msiba, kwa hiyo changia na sindano yako. Mama mdogo alijifungua miaka hiyo katika hospitali moja ambayo sitaitaja, na orodha aliyopewa kwenda nayo ilikuwa na glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na ndoo. Alinunua vyote isipokuwa uzi. Bibi yangu alichomoa uzi kwenye upindo wa khanga yake, akauchemsha kwenye sufuria ya chai, wakautumia. Mtoto huyo sasa ni fundi wa umeme na anajiita, kwa mzaha, mtoto wa khanga.

Halafu Novemba 2015, Rais Magufuli akiwa ana siku chache tu tangu aape, akatokea Muhimbili bila taarifa. Akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za kupimia za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa. Fedha zilizokuwa za hafla ya kuwapongeza wabunge zikaelekezwa kwenye vitanda. Tulizungumza wiki nzima, kila daladala. Kuna waliosema ni maonyesho, na kuna waliosema maonyesho ni sawa maadamu mtu analala juu ya godoro. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, na bado niko huko, ingawa najua kitanda kimoja hakikai kimya: kinataka shuka, kinataka nesi, kinataka dawa ya mtu aliyekilalia. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, palepale Muhimbili mgonjwa alipandikizwa figo kwa mara ya kwanza nchini. Mwezi huohuo ikazinduliwa hospitali ya Mloganzila, nje kabisa ya mji kwa njia ya Morogoro, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Muhimbili. Sasa ukimwambia mtu mgonjwa wako yuko Muhimbili anakuuliza, ya Upanga au ya Mloganzila? Ni swali lilelile alilokosea babu, kama kweli alikosea.

Na ile ya Wazungu yenye minara? Kwa miaka kadhaa ilikuwa ya kuzalisha, na ukikutana na mtu mzima wa mjini hapa anayejidai, muulize alizaliwa wapi, atasema Ocean Road. Baadaye ikawa ya saratani, na tangu 1996 ni taasisi kwa sheria. Mwaka 2013 Rais wa Marekani alikuja, na barabara ya Ocean Road ikabadilishwa jina ikawa Barack Obama. Hospitali haikufuata. Kwa hiyo tuna Ocean Road isiyo kwenye Ocean Road, kama tulivyo na Sewahaji isiyo Sewa Haji. Mji huu haupotezi majina, unayaweka tu mahali ambapo hukutarajia kuyakuta, kama bibi na funguo zake.

*

Jumamosi wakampa ruhusa. Ruhusa, kwa asiyejua, ina safari yake: daktari anaandika, faili linateremka kwa mahesabu, unalipa au bima inathibitishwa, unarudi na karatasi ya kuonyesha getini. Nilishughulika na karatasi zile tangu saa tatu, na nilipopanda tena wodini saa saba babu alikuwa ameshavaa, kofia kichwani, amekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi la mkoani. Wenzake wa wodi amewaaga mmoja mmoja. Yule aliyetaka feni amemwachia machungwa.

Nilikodi taksi. Tulikuwa tunarudi Mtoni, na babu akamwomba dereva apite stesheni. Foleni ilikuwa mbaya. Kazi za reli mpya, ile ya kisasa, zilikuwa zinaendelea, na mabati ya ujenzi yalikuwa yamezungushwa kila mahali. Tulipokaribia akateremsha kioo akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyoosha ule mkono uliopinda.

"Hapo," akasema. Kisha akausogeza. "Au hapo."

Sikuona kitu. Mabati, kijana anauza chaja za simu, mama na beseni la ndizi. Dereva aliuliza mzee anatafuta nini. Nikamwambia hospitali. Akasema, mzee, hospitali ndiyo mmetoka.

Babu hakumjibu. Akapandisha kioo, akaniomba karatasi ya ruhusa, nikampa. Hakuwa na miwani, kwa hiyo aliishika mbali, mkono umenyooka, akaisoma kwa sauti ndogo: jina, umri, tarehe. Alipofika mahali pa wodi akasimama hapo, akarudia. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaitia kwenye mfuko wa shati akaubonyeza kwa kiganja.

"Ilikuwa inanidai tangu siku ile," akasema. "Mama asingenisumbua, ningeipata mapema."